Baruti Baada ya Kura: Shule ya Clinton, 1956–1958

Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika shauri la Brown, iliyotolewa tarehe 17 Mei 1954, ilibatilisha utengano katika shule za umma, yaani utaratibu wa kisheria uliowatenga wanafunzi weusi na weupe, lakini haikuweka tarehe ya mwisho ya utekelezaji, na mwanya huo ndio uliotumiwa na wapinzani wake kwa miaka mingi.

Katika mji mdogo wa Clinton, jimboni Tennessee, vijana weusi walisafirishwa kwa basi hadi Knoxville, takriban kilomita 30, ilhali sekondari ya mji ilikuwa chini ya kilima walichoishi. Jaji wa shirikisho, yaani wa serikali kuu na si wa jimbo, alipoamuru wapokewe, kumi na wawili kati yao waliteremka kilima hicho kwa miguu mwezi Agosti 1956. John Kasper, mchochezi aliyetoka nje ya jimbo, alikwisha kuanza kukusanya umati, na ghasia zikapamba moto hata gavana Frank Clement akatuma askari wa akiba pamoja na vifaru. Tarehe 4 Desemba mchungaji mweupe wa Kibaptisti, Paul Turner, alipigwa hadi kuvuja damu mara tu baada ya kuwasindikiza wanafunzi hao. Siku hiyohiyo wapiga kura wa Clinton, waliokuwa weupe kwa wingi, waliwaangusha vibaya wagombea waliopinga weusi na weupe kuchanganywa shuleni.

Ndiyo maana ni kosa kuieleza milipuko iliyoikumba sekondari hiyo alfajiri ya Jumapili, tarehe 5 Oktoba 1958, kuwa hasira ya ghafla ya umma. Umati ulikuwa umekwisha kushindwa mahakamani na kwenye kura, na mhitimu wa kwanza mweusi alikwisha kupata cheti chake mwaka 1957. Kilichobaki kilikuwa kazi ya watu wachache waliojificha, kama ilivyokuwa mwaka uliotangulia mjini Nashville, ambako shule ya msingi ya Hattie Cotton ililipuliwa usiku baada ya kumwandikisha mtoto mmoja tu mweusi. Milipuko mitatu iliharibu vibaya jengo la Clinton likiwa tupu; hakuna aliyejeruhiwa, wala hakuna aliyetiwa hatiani.

Masomo yaliendelea baada ya siku chache katika shule iliyokuwa haitumiki huko Oak Ridge, mji uliojengwa kwa siri na serikali kuu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili kurutubisha urani ya bomu la atomiki, na ambako sekondari ilikwisha kuchanganywa tangu 1955. Hadi jengo jipya lilipofunguliwa mwaka 1960, wanafunzi weupe wa Clinton nao walisafiri kwa basi kwenda kusoma mji wa jirani.