Risasi Kubwa Haiponyi Shabaha Mbovu

"Mwalimu, nichukue risasi ipi yenye nguvu zaidi, nisikose?" Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na kijana aliyeruhusiwa kuwinda kindi wa ardhini kwenye malisho ya mfugaji huko South Dakota, Marekani. Amebeba .30-06, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906.

Nguvu inahusiana vipi na kukosa? Chukueni rula. Kichwa cha risasi hiyo kina upana wa milimita 7.8, cha .223 Remington, 5.7. Ukigawa tofauti pande mbili, unapata milimita moja na kidogo kila upande. Ndiyo nafuu yote uliyoinunua! Mtu anayetetemeka hukosa kwa upana wa kiganja akiwa mita 200, na milimita moja haimsaidii kitu.

Tena ukubwa wenyewe humzidishia kukosa. Bunduki inayopiga teke humfundisha mtu kuliogopa teke. Huwa nawachomekea wanafunzi risasi bandia katikati ya risasi za kweli, bila wao kujua. Bunduki hailii, lakini mtutu huchota chini kama jembe, na macho yamefumbwa. Hapo ubishi huisha.

Linaloniudhi zaidi ni hatari ya risasi kubwa. Kindi huyu ana kilo moja hivi. Risasi nzito humpitia ikiwa nzima, ikagonga udongo mkavu na kuruka na mluzi wake, na mbele kuna ng'ombe wa mwenye malisho, pengine na watoto wake. Risasi nyepesi yenye koti jembamba husambaratika upesi zaidi ikigusa mnyama au ardhi, na mnyama hufa papo hapo. Zile za kijeshi zilizofunikwa shaba kotekote, hata ziwe ndogo, ziacheni nyumbani. Na kama nyuma ya mnyama hakuna kilima au tuta, usifyatue, hata ukiwa na risasi gani.

Sasa chagueni. Ndani ya mita 120 na upepo umetulia, .17 HMR inatosha. Hadi 180, .22 Hornet, nayo haina kelele nyingi. Hadi 300, .223: inapatikana kila duka la bunduki, bei yake inavumilika, inamtosha hata koyote. Mbali zaidi, .22-250, ila uuache mtutu upoe. Kwenye upepo mkali, .243 Winchester. Wenye .223, someni mtutu: ukiandikwa kuwa mifereji yake ya ndani huzunguka mara moja kwa inchi 14, msivuke kichwa cha greni 55, yaani gramu 3.6; wa inchi 9 unabeba hadi karibu greni 70. Nunua pakiti za aina mbili tatu, piga tano tano kwenye karatasi mita 100, ubaki na aina inayokusanya matundu pamoja.

Kijana yule nimemwambia .30-06 ikamngoje kulungu.