Zaka, sadaka na ushuru: maneno matatu yanayochanganywa

Kila Ramadhani ikikaribia, vyombo vyetu vya habari huanza kuzungumzia zaka, na hapo ndipo maneno huvurugika. Nimewahi kumsikia mtangazaji akisema kwamba Waislamu hutoa “sadaka ya asilimia kumi iitwayo zaka”. Sentensi fupi, lakini ina makosa mawili, na yote mawili yana historia yake katika Kiswahili.

Zaka ni mojawapo ya nguzo tano za Uislamu, pamoja na shahada, sala, saumu na hija. (Wapo wanaoandika “swala”. Ugomvi huo tuuache kwa leo, maana swala wa mbugani naye anataka nafasi yake.) Mzizi wa neno hili katika Kiarabu hubeba dhana ya kutakasa na ya kukua. Mwenye mali huitakasa kwa kuondoa humo sehemu ambayo si yake. Naam, si yake! Kwa itikadi ya Kiislamu, sehemu hiyo ni haki ya mnyonge iliyo mikononi mwa tajiri. Ndiyo maana Mtume alipofariki mwaka wa 632, Abu Bakar, khalifa wa kwanza, aliwapiga vita hata watu waliokubali kuendelea kusali lakini wakakataa kutoa zaka.

Sadaka haina shuruti kama hiyo. Mzizi wake ni ule wa ukweli, na mtu huitoa kwa hiari, wakati wowote, kiasi chochote. Hata tabasamu kwa mwenzako huhesabiwa kuwa sadaka.

Sasa hiyo asilimia kumi. Zaka ya fedha na ya bidhaa za biashara ni asilimia 2.5, yaani fungu moja katika 40. Tena haikatwi kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi. Lazima mali ifikie nisabu, ambayo ni thamani ya gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, na ikae mwaka mzima wa Kiislamu. Mfanyabiashara wa Eastleigh aliyekaa na Sh1 milioni mwaka mzima hutoa Sh25,000. Karani anayelipwa Sh40,000 zikaishia kwenye kodi ya nyumba, karo na unga hadaiwi hata ndururu. Mfugaji wa Wajir naye ana hesabu yake: ngamia watano, mbuzi mmoja; mbuzi 40, mmoja; ng’ombe 30, ndama mmoja wa mwaka.

Basi kumi ilitoka wapi? Ilitoka kanisani. Watafsiri wa Biblia walihitaji neno la fungu la kumi, wakalikuta zaka tayari liko midomoni mwa watu wa pwani. Ndiyo maana Biblia ya Muungano ya 1952 inatumia “fungu la kumi” katika Mwanzo na “zaka” katika Malaki. Mimi sioni ubaya wowote. Neno moja laweza kuishi katika nyumba mbili. Shida huja mwandishi anapobeba maana ya nyumba hii na kuipeleka ile.

Kinachonichekesha ni kwamba neno la Kiarabu lenye kumi ndani yake tunalo, nalo ni ushuru. Katika fikihi, mazao yaliyooteshwa na mvua hutolewa sehemu ya kumi. Yaliyomwagiliwa kwa gharama hutolewa nusu ya hiyo, asilimia tano. Kiswahili kililipokea neno hilo likaingia forodhani, na leo limo katika jina la Mamlaka ya Ushuru. Kwa hiyo neno la kumi limekwenda serikalini, na lile lisilokuwa na kumi limepewa kumi kanisani.

Wanaostahiki zaka pia wametajwa kwa majina, makundi manane, katika sura ya tisa ya Qurani. Mawili ya kwanza ni mafukara na maskini, ambao magazetini huwa kitu kimoja. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi pwani, fukara ndiye aliye taabani zaidi: hana kitu, au alicho nacho hakifiki nusu ya mahitaji yake. Maskini anacho, ila hakimtoshi. Yumo pia aliyelemewa na deni, na msafiri aliyeishiwa njiani hata kama kwao ana mali.

Kisha kuna zaka ya fitri, ambayo huhesabiwa kwa vichwa: pishi moja ya chakula, yaani vibaba vinne, kwa kila aliye nyumbani, mtoto mchanga akiwemo. Hutolewa kabla ya sala ya Idi. Kwa hiyo ukisoma habari za “zaka” katika siku za mwisho za Ramadhani na ukaona wanataja mchele au unga, jua kwamba inayozungumziwa ni fitri, na ile asilimia 2.5 haihusiki.