Bendi kongwe zajaza ukumbi, faida haijulikani iko kwa nani

Katika ukanda wa Lusu na Nzega, mkoani Tabora, bendi kongwe ya dansi ni biashara ya msimu, kama mpunga. Gari la matangazo lenye spika juu ya paa huanza kuzunguka mavuno yakishaingia ndani. Januari, kila shilingi ikiwa imeelekezwa kwenye mbolea na mahitaji ya shule, ni promota gani atakayethubutu?

Mgawanyo wa mapato ni ule ule wa miaka yote: mlango ni wa bendi, kaunta ni ya mwenye ukumbi. Ugomvi nao ni ule ule.

“Watu wanadhani mimi ndiye ninayekula,” analalamika mwenye ukumbi mmoja wilayani Nzega, akihesabu kwa vidole: mafuta ya basi, malazi na chakula cha wanamuziki na mafundi mitambo, jenereta ya akiba, kibali, walinzi. Yote hayo yanamtoka kabla gitaa la solo halijalia. Bendi inayotoka Dar es Salaam husafiri takribani kilomita 900, na siku hizi haiwashi gari bila malipo ya awali.

Kisha kuna uzio. Anatuonyesha makuti yaliyotobolewa matundu ya kutosha jicho moja. Nje ya hapo, anasema, husimama umati unaosikia kila kitu bure, ukisubiri saa nane usiku mlinzi wa mlangoni achoke.

Lakini kinachomuuma zaidi kiko ndani. “Wakipiga wimbo mpya, watu wanakuja kaunta. Wakipiga wa zamani, wote wanacheza, bia hazitoki. Sasa mwambie mteja aliyelipa kiingilio kwamba leo tunapiga nyimbo mpya tu!” Bendi nayo imenasa hapo hapo. Wimbo wa zamani ndio unaouza tiketi, na kwa hiyo mpya haupati nafasi ya kuzeeka.

Mkoa huu haukuwa mnunuzi tu. Kiko Kids walipiga dansi Tabora tangu miaka ya 1950, wakafuatiwa na majina kama Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Kabla ya hapo, zama za misafara ya biashara, mji wa Tabora ulipata riziki kwa wapita njia. Leo msafara ukitoka pwani na magitaa, mwenyeji ndiye anayelipia malazi. Mashabiki wanaotaka kuwaona Msondo Ngoma, wenye mizizi ya mwaka 1964, au Sikinde ya mwaka 1978, husubiri ziara.

Serikalini picha ni ya matumaini. Ofisa mmoja anayefuatilia masuala ya utamaduni, aliyeomba asitajwe, anakumbusha kwamba shughuli za sanaa na burudani zilikua kwa asilimia 17.7 mwaka 2023, kasi iliyozidi sekta nyingine zote nchini. “Hiyo ni ajira, hiyo ni kodi,” anasema.

Takwimu hiyo ni kubwa kwa sababu kinachopimwa ni kidogo: sekta nzima haifiki asilimia moja ya pato la taifa. Isitoshe, inachanganya katika kapu moja Bongo Fleva, filamu na mpiga tarumbeta anayelala kwenye basi. Alipoulizwa dansi ina sehemu gani humo, au Tabora, ofisa alirudia ile 17.7.

Kwa mpiga muziki, hesabu iliyo karibu zaidi ni noti anayobandikwa kwenye paji la uso. Tuzo hiyo huwa haipiti kwa mhasibu yeyote, na mwimbaji hodari humjua mteja wa kumtaja jina kabla kibwagizo hakijaisha.

Mteja mwenyewe amebadilika. Mgodi mkubwa wa Lusu ulipokoma uzalishaji zaidi ya miaka kumi iliyopita, mishahara ya mwisho wa mwezi ilikwenda nao. Wachimbaji wadogo wanatumia vizuri wakipata, ila hakuna anayejua watapata lini. Wastaafu hawakosi, lakini soda moja yawafikisha asubuhi.

Ng’ombe hazeeki maini, na kumbi huenda zikaendelea kujaa kwa misimu kadhaa. Mwenye ukumbi wetu anasema mwaka huu haleti bendi. Alisema hivyo pia mwaka jana, kisha mpunga ukakubali.