Majani Yenye Ukungu na Damu Isiyoganda

Wakulima wa settlement huwaona mara kwa mara vijana wa Chuo Kikuu wakija shambani na daftari mkononi. Huuliza ng'ombe alizaliwa lini, anakula nini na anatoa maziwa kiasi gani. Pengine huomba damu kidogo ya mnyama, au konzi ya chakula chake. Wengi wao wamekwisha kupata digrii ya kwanza, na sasa wanatafuta ya pili au ya tatu. Ili wapewe digrii hiyo, hapana budi kila mmoja achague jambo moja lisilojulikana vizuri, alichunguze kwa makini, kisha aandike aliyoyaona.

Wako wakulima wasemao kwamba kazi hiyo humfaa mwanafunzi peke yake. Hapa tunaeleza kisa kimoja cha kweli kilichotukia Kanada na Marekani, ili msomaji aone jinsi shida ya bomani inavyofika Chuo Kikuu, na jinsi jibu lake linavyomrudia mkulima.

Maradhi ya kutokwa na damu

Mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa nyanda za baridi za Kanada na kaskazini ya Marekani walianza kupanda majani yaitwayo klova tamu. Mmea huu ni wa jamii ya kunde, hustahimili ukame, na harufu yake ni nzuri. Waliyakata majani hayo, wakayakausha na kuyaweka ghalani ili ng'ombe wapate chakula wakati wa theluji. Lakini mvua ilipozidi, majani hayakukauka vizuri. Yaliota ukungu, na mkulima asiye na chakula kingine aliwalisha ng'ombe wake vivyo hivyo.

Katika miaka ya 1920 maradhi mageni yalitokea. Ng'ombe aliyekatwa pembe au kuhasiwa alitokwa na damu bila kukoma mpaka akafa. Katika kundi moja la ng'ombe 22 waliokatwa pembe, walikufa 21. Wengine walivuja damu chini ya ngozi bila jeraha lolote.

Daktari wa mifugo mmoja wa Kanada, Frank Schofield, alifanya jaribio ambalo kila mkulima aweza kulifahamu. Katika majani yaliyotoka ghala moja, alitenga mashina mazuri na yale yaliyoharibika. Sungura mmoja alimlisha mazuri, na mwingine yaliyoharibika. Wa kwanza alibaki mzima, wa pili alitokwa na damu akafa. Basi ikajulikana kwamba kosa si la mmea wenyewe, bali ni la ukungu. Lakini ni kitu gani hasa ndani ya majani hayo kilichozuia damu kuganda? Hilo hakuna aliyelijua.

Mkulima na mzigo wake

Mwezi wa Februari, 1933, mkulima mmoja wa Deer Park katika jimbo la Wisconsin, Marekani, aitwaye Ed Carlson, alikuwa akipotewa na ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Alipakia ndani ya gari mtamba aliyekufa, debe la maziwa lililojaa damu isiyoganda, na majani ya klova kadiri ya kilo 45. Akaenda mwendo wa kilomita 300 katika dhoruba ya theluji mpaka mji wa Madison. Ofisi ya mganga wa mifugo aliyemtafuta ilikuwa imefungwa. Aliingia katika jengo la Chuo Kikuu alilolikuta wazi, akamkuta Karl Paul Link, mwalimu wa kemia ya viumbe.

Siku ile Link hakuwa na dawa ya kumpa. Alimwambia aache kuwalisha majani yale, na ikiwezekana wagonjwa watiwe damu ya ng'ombe wazima. Carlson akarudi nyumbani. Lakini damu yake na majani yake vilibaki, na kuanzia hapo Link na wanafunzi wake waliishika kazi hiyo.

Miaka sita ya kutafuta

Kazi ya wanafunzi hao ilikuwa ya kuchosha. Waliyatia majani katika maji na dawa mbalimbali ili kuyagawanya sehemu sehemu. Kila sehemu waliwapa sungura, kisha wakapima damu ya sungura hao ichukue muda gani kuganda. Sehemu isiyo na sumu ilitupwa, na yenye sumu ikagawanywa tena. Hivyo walikwenda kwa miaka sita.

Mwezi wa Juni, 1939, mwanafunzi aitwaye Harold Campbell aliona kwa hadubini chembe ndogo safi kama za chumvi. Hiyo ndiyo sumu yenyewe. Mwaka uliofuata, wenzake Mark Stahmann na Charles Huebner walijua jinsi ilivyoundwa, wakaweza kuitengeneza bila majani. Iliitwa dikumaroli.

Ndipo sababu ikajulikana. Klova ina kitu kiitwacho kumarini, nacho ndicho kinachoipa harufu yake nzuri. Ukungu ukiyashika majani, kumarini hugeuzwa kuwa dikumaroli. Sasa, ini la mnyama hutumia vitamini K ili kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Dikumaroli huizuia vitamini hiyo isifanye kazi. Kwa hiyo mnyama huonekana mzima kwa siku kadhaa, mpaka akiba iliyomo katika damu imalizike. Hapo hata jeraha dogo laweza kumwua.

Faida iliyopatikana

Kwanza, dawa ilijulikana: mnyama aachishwe majani hayo na apewe vitamini K. Pili, wataalamu wa mbegu walizalisha aina za klova zenye kumarini kidogo. Tatu, madaktari walianza kutumia dikumaroli, kwa kipimo kidogo sana, kuwatibu watu ambao damu yao huganda ndani ya mishipa. Nne, kutokana na kazi hiyo hiyo ilitengenezwa warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kuwa sumu ya panya. Panya anayeila hufa kwa kutokwa na damu, kama walivyokufa ng'ombe wa Carlson. Baadaye warfarini nayo ikawa dawa ya binadamu, na mahospitali huitumia mpaka leo.

Jambo hili latuhusuje?

Klova tamu si chakula cha kawaida cha ng'ombe wetu, lakini ukungu tunao. Katika mahindi na njugu zilizohifadhiwa bila kukauka huota ukungu wa namna nyingine, wenye sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii huharibu ini. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Ng'ombe anayelishwa mahindi hayo huipitisha sumu katika maziwa, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi.

Kwa sababu hiyo, mkulima ayashike haya:

1. Majani ya kuhifadhiwa yakaushwe vizuri na kugeuzwa mara kwa mara. Yawekwe juu ya mbao, mahali pasipovuja.

2. Mahindi yapimwe kabla ya kutiwa ghalani. Twaa chupa kavu yenye kizibo, tia mahindi kadiri ya thuluthi, na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Tikisa kwa dakika moja, kisha ngoja robo saa. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi hayajakauka.

3. Chakula chenye ukungu kisichanganywe na kizuri ili kipate kulika, wala wasipewe kuku au mbwa. Kitupwe.

4. Ng'ombe akifa kwa namna isiyoeleweka, mwite Bwana Mifugo mara moja. Usimle. Weka kando sehemu ya chakula alichokuwa akila, na uandike siku alipoanza kuugua. Kama Carlson angalikwenda Madison mikono mitupu, Link asingalikuwa na damu wala majani ya kuanzia kazi.

5. Mwanafunzi kutoka Kabete, Egerton au chuo kingine akija kwako na barua yake ya kumtambulisha, mjibu kweli. Ukisema ng'ombe hutoa chupa kumi naye hutoa sita, au ukificha kwamba ndama wawili wamekufa, hesabu yake itapotoka, na shauri litakalotolewa kwa wakulima wote litapotoka pia. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nawe una haki ya kumwuliza: atakapomaliza, aje akueleze aliyoyaona.

Pengine jibu halitapatikana mwaka huu wala mwaka ujao. Lile la Wisconsin lilichukua miaka sita. Lakini mkulima anayetunza daftari la maziwa, chakula na vifo vya wanyama wake amekwisha kuianza kazi hiyo hapo hapo shambani kwake.