Kasi ya RAM: Iliyoandikwa na Inayotumika

Ukionyeshwa kipande cha RAM chenye lebo ya DDR4-3200 kisha ukaulizwa kasi yake, usikimbilie kujibu 3200. Namba hiyo ni kasi ambayo mtengenezaji amekipimia kipande na kukihakikisha. Kasi kinayotumia ndani ya kompyuta yako ni jambo jingine, na mara nyingi ni ndogo zaidi. Katika mada hii utaona sababu zake, na utaona pia kwa nini kuongeza kasi bila kupima kunaweza kuharibu kazi ya watu.

Kwanza tuielewe namba yenyewe. RAM ya aina ya DDR huhamisha data mara mbili katika kila mpigo mmoja wa saa yake. Kwa hiyo 3200 maana yake ni mihamisho milioni 3,200 kwa sekunde, ilhali saa hupiga megahezi 1,600 tu. Ndiyo sababu programu ya CPU-Z huonyesha takriban 1600, na mwenye kompyuta hudhani ameuziwa RAM feki. Hajaibiwa, azidishe kwa mbili.

Kila mhamisho hubeba biti 64, yaani baiti 8. Hivyo:

3,200,000,000 × 8 = baiti 25,600,000,000, yaani gigabaiti 25.6 kwa sekunde.

Kipande hichohicho kikifanya kazi kwa 2133, utapata gigabaiti 17.1 hivi. Theluthi moja ya uwezo imelala bila kutumika, na mnunuzi ameshailipia.

Kwa nini ilale? Kila kipande kina chipu ndogo ya utambulisho iitwayo SPD. Kompyuta inapowashwa, BIOS huisoma chipu hiyo na kuchagua kasi ya kawaida iliyopangwa na JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya kumbukumbu. Kwa vipande vingi vya DDR4 kasi hiyo ni 2133, 2400 au 2666, kwa umeme wa volti 1.2. Kasi kubwa iliyoandikwa kwenye lebo huwa imehifadhiwa katika jedwali la pili, liitwalo XMP, ambalo kwa kawaida hudai volti 1.35. BIOS hailigusi jedwali hilo mpaka mtu aingie kwenye mipangilio na kuliruhusu. Vipo pia vipande vya 3200 ambavyo kasi hiyo ndiyo ya kawaida kwao, kwa volti 1.2, wala havihitaji XMP. Soma volti kwenye lebo kabla ya kununua.

Sasa tuchukue maabara ya kompyuta katika shule iliyoko Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Shule imepewa kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika ofisini, zenye prosesa ya Intel Core i5-8400. Mwalimu ameteremka Masasi, akarudi na vipande vya DDR4-3200, akavichomeka. Kompyuta zimewaka vizuri, lakini zinaonyesha 2666. Nyingine zinaonyesha 2400.

Hakuna kilichoharibika. Prosesa hiyo inakubali DDR4 hadi 2666 tu, na ubaomama wa kompyuta nyingi za ofisi hauna kabisa sehemu ya XMP katika BIOS. Pale inapoonekana 2400, huenda jedwali la kawaida la kipande halina 2666, au kuna kipande cha zamani cha 2400 katika nafasi ya pili. Vipande viwili vinapokaa pamoja, vyote hufuata kasi ambayo vyote vinaiweza, kwa hiyo cha polepole ndicho kinachoamua. Kwa shule yenye mashine kama hizi, RAM ya 2666 ingetosha. Pesa ya ziada ingefaa zaidi kununua kipande cha pili kinachofanana na cha kwanza, kwa sababu vipande viwili vilivyochomekwa katika njia mbili tofauti za kumbukumbu hupitisha data kwa pamoja.

Tuseme basi kuna kompyuta nyingine ambayo ubaomama na prosesa yake vinaikubali XMP. Umeiruhusu, 3200 imeonekana kwenye kioo. Je, kazi imekwisha? Hapana. Kuonekana kwa namba na kufanya kazi kwa uthabiti si kitu kimoja.

Ndani ya RAM, kila biti huhifadhiwa kama chaji ya umeme katika kapasita ndogo sana. Kapasita hizo huvuja kama ndoo iliyotoboka, kwa hiyo DDR4 hujazwa upya chaji katika seli zake zote kila milisekunde 64. Joto huongeza uvujaji. Chipu ikizidi nyuzi 85 za Selsiasi, ujazaji hutakiwa kufanywa kila milisekunde 32. Joto la chumba cha Masasi mwezi Novemba peke yake halifikishi chipu huko, lakini feni iliyozibwa na vumbi la kiangazi huzuia hewa ndani ya kasha, na joto hupanda. Ukiongeza kasi, unapunguza pia muda wa kila tendo: kusoma, kuandika, kutulia kwa umeme kwenye nyaya. Kipande kilichokuwa kikifanya kazi vizuri kwa 2133 kinaweza kukosea biti moja kwa 3200.

Biti moja ni kitu gani? Fikiria karani wa chama cha msingi anaingiza uzito wa korosho za mkulima katika msimu wa mauzo. Gunia moja lina kilo 80. Katika mfumo wa namba mbili, 80 huandikwa 01010000, yaani 64 + 16. Biti ya 64 ikigeuka kutoka 1 kuwa 0, kinachobaki ni 00010000, yaani 16. Kompyuta haikuzimika wala haikutoa onyo lolote. Mkulima amepoteza kilo 64 kwenye kumbukumbu, na karani ataapa kwamba aliandika 80. Alama zako za mtihani wa muhula zinaweza kugeuka kwa njia hiyohiyo. Kompyuta inayoganda ina nafuu kuliko hii, kwa sababu inayoganda inajulikana kuwa mbovu.

Kwa hiyo RAM hupimwa. Programu ya MemTest86 huwashwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows, ikaandika na kusoma mifumo mbalimbali ya biti katika kumbukumbu yote. Toleo lake la bure hukamilisha mizunguko minne, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati, hakuna matokeo, unaanza upya. Tumia UPS, au pima usiku ambao umeme umetulia. Kosa moja tu likitokea, kipimo kimefeli. Hakuna "kosa dogo" hapa.

Likitokea kosa, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli uliomo mwilini upungue, kisha toa vipande vyote. Futa miguu ya shaba kwa kifutio safi cha penseli, pangusa mabaki yake, na utoe vumbi kwenye nafasi za kuchomekea. Rudisha kipande kimoja, upime. Kisha kingine peke yake. Ukifanya vyote kwa pamoja hutajua kilichokuwa kibovu. Kipande kinachokosea kwa 3200 lakini kikafaulu kwa 2933, kiache kwenye 2933. Kinachokosea hata kwa kasi yake ya kawaida kiondoe. Kupandisha volti kwa kubahatisha si kazi ya mwanafunzi kwenye mashine ya shule.

Lipo jambo moja linalowasumbua sana wenye kompyuta za zamani. Mipangilio ya BIOS hutegemea betri ndogo ya duara, CR2032. Betri ikiisha, katika kompyuta nyingi kila umeme unapokatika mipangilio hupotea, XMP ikiwemo, na RAM hurudi kwenye kasi ya chini. Dalili yake ni tarehe iliyorudi nyuma miaka kadhaa. Wapo mafundi wanaobadilisha RAM nzima kwa tatizo la betri.

Swali la mfano: Kompyuta ina prosesa inayokubali DDR4 hadi 2666. Imewekwa kipande cha 2400 na kingine cha 3200 ambacho jedwali lake la kawaida lina 2400 na 2666. Tafuta kasi itakayotumika na kiasi cha data kwa sekunde katika njia moja.

Jibu: Prosesa inakataa 3200. Kipande cha kwanza hakifiki 2666. Kasi ya pamoja ni 2400. Milioni 2,400 × 8 = gigabaiti 19.2 kwa sekunde.

Jaribu mwenyewe: Kompyuta iliyopangwa XMP ya 3200 ilifaulu MemTest86 jana jioni. Leo asubuhi, baada ya umeme kukatika usiku, inaonyesha 2133 na tarehe ya mwaka 2018. Eleza kilichotokea, na utaje kifaa kimoja utakachonunua.