"Hard" na "Hardly" Si Neno Moja

Kijana wa Bungoma aombaye kazi katika shamba la mahindi karibu na Kitale huenda akaandika kwa Kiingereza, "I work hardly," akidhani amesema kuwa hufanya kazi kwa bidii. Mwenye shamba aisomapo barua hiyo aweza kuelewa kinyume, yaani kwamba mtu huyu hafanyi kazi ila kidogo sana.

Kosa hili lina sababu. Maneno mengi ya sifa katika Kiingereza huongezwa "-ly" ili kuonyesha jinsi jambo litendwavyo: "slow" huwa "slowly", maana yake polepole. Lakini "hard" halibadiliki. Mwenye bidii husema, "I work hard."

Zamani "hardly" lilikuwa na maana ya kwa nguvu, ila maana hiyo imekwisha potea. Siku hizi mkulima asemapo, "It hardly rained," ataka kusema mvua ilinyesha kidogo mno, ni kama haikunyesha. Tena neno hili lina ukanusho ndani yake, kwa hiyo halihitaji kuongezwa "not".

Basi yafaa mwombaji aisome barua yake mara ya pili kabla ya kuipeleka, kwani herufi mbili tu zaweza kumkosesha kazi.