Shanghai siku za sikukuu

Wachina wana msemo wa kuelezea umati: watu mlima, watu bahari. Anayetaka kujua maana yake asihangaike na kamusi. Na aende Shanghai wiki ya kwanza ya Oktoba, jioni, aingie Barabara ya Nanjing na kuelekea mtoni.

Tarehe 1 Oktoba ni Sikukuu ya Taifa ya China, kukumbuka siku ambayo Mao Zedong alitangaza Jamhuri ya Watu mwaka 1949. Mwaka 1999, uchumi wa Asia ukiwa umetoka kutikiswa na msukosuko wa fedha, serikali ilitaka wananchi watumie pesa zao, ikarefusha mapumziko hayo yakawa wiki nzima. Hesabu yake ina ujanja. Siku za sikukuu kisheria ni tatu tu. Zilizobaki ni Jumamosi na Jumapili zilizosogezwa, na watu huzilipa kwa kwenda kazini siku nyingine ambazo wangepumzika. Na kwa kuwa mwajiriwa ambaye hajatimiza miaka 10 kazini ana haki ya siku 5 tu za likizo yenye malipo kwa mwaka, wiki hiyo haiachi. Mwaka 2024 zilihesabiwa safari za ndani milioni 765 kwa siku 7.

Sehemu kubwa ya wanaofika Shanghai hutaka kuona kitu kimoja: Bund, ambayo wenyewe huiita Waitan. Ni ukingo wa magharibi wa Mto Huangpu, wenye majumba ya mawe yaliyojengwa na mabenki na makampuni ya kigeni kabla ya mapinduzi. Ng'ambo ni Pudong na maghorofa yake, mojawapo likiwa na urefu wa mita 632. Jioni taa zikiwaka, kila mtu anataka picha, na kila mtu anaitaka saa ile ile. Mahali pa kusimama ni jukwaa refu lililoinuliwa kando ya mto, nalo hufikiwa kwa ngazi.

Ngazi hizo ziliwahi kuua. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2014, waliokuwa wanapanda walikutana na waliokuwa wanashuka. Hakukuwa na moto wala bomu. Walio mbele walianguka, walio nyuma hawakuona, wakaendelea kusukuma. Watu 36 walikufa, wengi wao vijana. Ieleweke kwamba katika msongamano wa namna hiyo si lazima mtu akanyagwe. Anaweza kufa akiwa amesimama, kifua kimebanwa asiweze kuvuta pumzi. Uchungu zaidi ni kwamba maonyesho ya taa ya mwaka ule yalikuwa yamehamishiwa mahali pengine jirani. Wengi hawakuwa na habari, na askari waliopangwa kulinda pale walikuwa wachache kuliko mwaka uliotangulia.

Anayefika leo wakati wa sikukuu huona jinsi mji ulivyojifunza. Kwenye njia ya kuvukia, askari husimama bega kwa bega. Taa ikiwa nyekundu wao ni ukuta. Ikiwa ya kijani, ukuta unafunguka na watu wanapita, kisha unafungwa tena. Wageni hucheka na kuwapiga picha. Mimi sioni kichekesho, maana ukuta ule unaukata umati vipande vipande, usipate uzito wa kuponda mtu. Baadhi ya njia hufanywa za kwenda tu, na nyingine za kurudi tu. Hata treni za chini ya ardhi, jioni umati ukizidi, hupita kituo cha Nanjing Mashariki bila kusimama. Abiria hushuka mbali na kutembea, na mwendo ule huwatawanya.

Mwenye kupenda picha bila kusukumana ana njia mbili. Kuna pantoni za kawaida zinazovusha wakazi, nauli yuan 2, na kutoka katikati ya mto pande zote mbili huonekana. Au aamke alfajiri. Taa za ng'ambo zitakuwa zimezimwa, na ukingoni atawakuta wazee wa mji wakifanya mazoezi yao ya taijiquan polepole, kila mmoja akiwa na nafasi ya kunyoosha mikono.